Kabla Uchinje Probox Ujiundie Dinga Yako, Jua Chesisi Namba Iko Wapi

Ukipitia TikTok saa sita usiku, haipiti dakika mbili hujapata jamaa wa ng'ambo amekata gari nzee vipande, ametoa injini, amechomelea mabomba ya chuma, na mwisho wa video anaendesha kitu kiko chini kama sahani, hakina paa, kinanguruma kama simba. Na wewe uko zako Mikindani, umekaa nje ya gereji, mbele yako kuna Probox iligongwa nyuma. Injini inawaka kwa stata moja. Mwenyewe amechoka nayo, bei ni ya kuongea. Kichwa kinaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si mbaya, nitakuonyesha. Lakini kuna namba moja imegongwa kwenye bati ya hiyo Probox, na hiyo namba ndiyo itaamua kama utakuwa na gari ama utakuwa na chuma ya kuangaliwa na majirani. Wasee wengi hujua hii stori wakiwa tayari washapita na grainda.

Twende polepole.

Gari ya kuchinja ni nini hasa

Wazungu huita hii mambo kit car. Unanunua ama unajitengenezea fremu na bodi, halafu kila kitu kingine, yaani injini, giaboksi, breki, usukani, waya, unatoa kwa gari moja nzee. Hiyo gari moja ndiyo mafundi wa kwetu huita gari ya kuchinja. Jina limekaa vizuri, kwa sababu ni kama mbuzi wa Idi: hakuna kitu kinatupwa, hata ngozi ina mwenyewe.

Mbona gari moja nzima, si spea moja moja? Kwa sababu vitu vya gari moja vinajuana. Injini inajua kompyuta yake, kompyuta inajua ufunguo wake, giaboksi inajua kebo zake, klachi inajua pedali yake. Jaribu kununua hivyo vyote kimoja kimoja kwa maduka ya spea na utashtuka: utakuwa umemaliza pesa ya gari nzima na bado huna waya. Halafu ukifunga, bolti ya huku haiingii shimo la kule.

Mchezo huu ni wa kitambo. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus alitoa kigari kidogo kinaitwa Seven, na watu wengi walikinunua kikiwa vipande, kwa sababu Uingereza ya wakati huo gari iliyokamilika ilikuwa na kodi ya mauzo na vipande havikuwa nayo. Ujanja wa kodi, basi. Kodi ikabadilishwa 1973, ujanja ukaisha, lakini watu walikuwa washazoea. Mwaka huohuo Caterham wakachukua hiyo gari na wanaiunda mpaka leo. Baadaye, 1996, mwalimu mmoja anaitwa Ron Champion akaandika kitabu cha kuonyesha vile mtu anaweza kujiundia gari la aina hiyo kwa pauni 250, gari ya kuchinja ikiwa Ford Escort nzee. Vijana wa Uingereza walizimaliza Escort.

Ile nyingine ambayo ingeshika sana huku Pwani ni ya Bruce Meyers wa California. Mwaka 1964 alitengeneza kigari cha bodi ya faiba, na baadaye bodi hiyo ikawa inawekwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle, ile kobe. Akaiita Manx. Sakafu ilikatwa kama sentimita 36 ikawa fupi, magurudumu makubwa, hakuna milango. Mwaka 1967 Manx ilishinda mbio za jangwani kule Baja, Mexico. Ukiona kigari cha mchangani mahali popote duniani, babu yake ni huyo.

Shika hiyo Beetle kichwani. Tutairudia, kwa sababu jibu la hii makala yote liko chini ya kiti chake cha nyuma.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu pekee. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kiko hapahapa upande wetu wa bara, njia ya kuelekea Nairobi. Kazi yake tangu miaka ya 70 ni kupokea magari yakiwa vipande ndani ya makasha na kuyaunga. Kuunga gari Mombasa si ndoto. Tofauti ni kwamba wao wanaanza na vipande vipya vyenye karatasi, wewe unaanza na mzoga.

Sasa ile namba

Magari yako aina mbili, na hii ndiyo sehemu ambayo ningeomba usome mara mbili.

Kuna gari ina chesisi peke yake na bodi peke yake. Chini kuna ngazi ya chuma, reli mbili ndefu zimeunganishwa na vyuma vya kukatiza. Juu yake bodi imefungwa na bolti. Hilux ya pickup iko hivyo. Land Rover za zamani, Land Cruiser, Isuzu za mizigo, na zile Suzuki ndogo za kupanda milima, Samurai na Maruti. Ukifungua bolti na kuinua bodi, chini inabaki gari ambayo inaweza kuendeshwa. Chesisi namba imegongwa kwenye reli. Beetle nayo ni hivyo kwa njia yake: bodi inashikwa na bolti kwa sakafu, na namba iko kwenye sakafu, kwenye ule mgongo wa katikati chini ya kiti cha nyuma. Ndiyo maana Meyers aliweza kutupa bodi yote ya Beetle na gari ikabaki Beetle kwa karatasi. Jina lilibaki chini.

Halafu kuna gari ambayo bodi ndiyo chesisi. Bati zimekunjwa na kuchomelewa pamoja mpaka zikawa boksi moja linalojibeba. Hakuna reli ya kufungua. Probox ni hivyo. Vitz, Fielder, Premio, Demio, karibu kila kitu kinachopita mbele yako Magongo ni hivyo. Chesisi namba ya Toyota nyingi za aina hii imegongwa kwenye ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ya Probox ile ya kwanza ya petroli huanza na NCP.

Sasa fikiria. Umetoa injini, umetoa breki, umetoa waya, bodi umepasua ukauza kwa kilo. Ule ukuta wenye namba uko wapi? Umeenda na bodi. Ukikata Probox, umekata jina lake. Kitu ulichochomelea nyuma ya nyumba huko Mshomoroni hakina jina tena. Una logbuku ya gari ambayo haipo, na una gari ambayo haina logbuku.

Hapa ndipo shetani anakuja na wazo: "Si nikate kile kipande chenye namba nikichomelee kwa fremu yangu?" Bro, usijaribu. Hicho ndicho wezi wa magari hufanya. Askari akiona kipande cha bati chenye namba kimezungukwa na alama za welding, hakuna stori ya TikTok utamwambia akuelewe. Kuchezea chesisi namba ni kosa la jinai, na kama hiyo gari uliyochinja ilikuwa ya wizi, kushika mali ya wizi kwa sheria yetu ya adhabu ni hadi miaka 14 ndani. Shimo la Tewa haina Wi-Fi.

Uingereza walitengeneza njia ya hii kitu. Walikuwa na mfumo wa pointi: chesisi ama bodi inayojibeba ilikuwa pointi 5, suspensheni 2, eksele 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Ulipofikisha 8, na zile 5 za chesisi zikiwa ndani, gari ilibaki na jina lake la zamani. Ukikosa kufikisha, gari ilipimwa upya na ingeweza kupewa namba inayoanza na Q, maana yake ni kwamba asili yake ni mchanganyiko. Cheki vile walipanga: injini, ile kitu sisi huona ndiyo gari yenyewe, ilikuwa pointi moja tu. Chesisi ilikuwa tano.

Kwetu logbuku ina chesisi namba, injini namba, aina ya bodi, rangi. Ukibadilisha injini, bodi ama rangi, inafaa NTSA wajue na logbuku ibadilike. Hiyo njia ipo na watu wanaipita kila siku. Zile nganya za Nairobi ni nini? Ni chesisi ya Isuzu imetoka ikiwa na kichwa na injini, fundi wa bodi akajenga nyumba juu. Jina liko kwa reli, nyumba inabadilika. Kwa hivyo fremu yenye jina lake, bodi mpya juu, hiyo mchezo Kenya inaijua. Fremu mpya ambayo umechomelea mwenyewe, bila jina, ni stori ingine kabisa. Kabla ya kushika hata spana, panda matatu uende kituo cha ukaguzi cha NTSA pale Miritini na picha na mchoro wako, uulize, na upate jibu kwa maandishi. Nauli ya Miritini ni rahisi kuliko wakili.

Basi nichinje gani?

Inategemea unataka nini.

Kama unataka kile kitu chini kama sahani, mtindo wa Lotus, unahitaji injini iliyolala kwa urefu na magurudumu ya nyuma yanayosukuma. Toyota DX ya miaka ya 80 ingekuwa tamu: kabureta, hakuna kompyuta, waya za kuhesabu kwa vidole. Shida ni kuipata ikiwa haijaliwa na kutu. TownAce za zamani za injini ya K pia ziko na mpango huo, na zipo zimelala mitaani.

Kama ni Probox, injini imekaa kwa upana na inavuta magurudumu ya mbele. Ukiiweka mbele kwa kigari chembamba haitoshi. Ujanja wa wale wanaojua ni kuchukua sehemu yote ya mbele, injini, giaboksi, shafti, habu na ile fremu ndogo inayobeba injini, na kuihamisha nyuma ya dereva ikiwa mzima. Inakuwa injini ya katikati kama ya Ferrari, bei ya Kongowea. Lakini utahitaji habu za mbele kutoka gari ingine, kebo ndefu za gia, na bomba za maji kutoka nyuma hadi rejeta ya mbele. Na bado lile swali la jina halijaenda mahali. Probox ya kuchinja ni nzuri kwa kitu cha kuchezea kwa shamba la mtu, ama kwa kutoa injini uiweke kwa gari ingine yenye chesisi na logbuku yake.

Kama ni mimi na pesa ni yangu, ningetafuta Suzuki ya reli. Ni ndogo, ni nyepesi, bodi yake hukuwa imeoza kabla ya chesisi hivyo wenyewe huiuza kwa hasira, na jina liko kwa reli. Ng'oa bodi, jenga yako. Haitakuwa Lotus. Itakuwa Manx ya Likoni, na utaiendesha barabarani mchana kama mtu.

Kuna jambo la bahari hapa. Magari ya upande wetu yanapigwa na hewa ya chumvi kila siku, na yale ya Likoni yaliyovuka feri miaka kumi yameonja zaidi. Lala chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga reli kutoka mbele hadi nyuma. Chuma nzima inalia. Chuma iliyooza inatoa sauti ya kopo la maziwa. Angalia hasa pale juu ya eksele ya nyuma, ambapo matope hukaa. Namba ya chesisi yenyewe ikiwa imeliwa na kutu mpaka haisomeki, ondoka. Hata kama bei ni ya bure.

Pesa na karatasi

Wacha tupige ile hesabu. Bei nazitoa hewani ili uone mpango, weka zako. Tuseme umenunua gari kwa 180,000. Milango, boneti, taa, vioo, viti, buti na rimu hutumii, na kuna watu wanavitafuta leo. Ukiuza vizuri ukarudisha 70,000, basi injini, giaboksi, breki, usukani na waya zimekugharimu 110,000. Hapo ndipo utamu uko. Wale wanaofeli ni wale wanaochinja kwa haraka, wanapasua taa, wanakata waya za milango na mkasi, halafu wanashangaa mbona hakuna anayenunua mlango usio na waya.

Lakini utamu huo unaanza na karatasi. Logbuku iwe kwa jina la yule anayekuuzia, na kitambulisho chake kifanane. Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen, uone kama kuna benki ama kampuni ya mkopo imeandikwa hapo. Mikopo ya logbuku imejaa. Ukichinja gari ambayo bado inadaiwa, umechinja mbuzi wa mtu. Linganisha namba ya chesisi kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Namba ya injini pia. Andikeni makubaliano, weka sahihi, na hamisha umiliki uingie kwa jina lako kabla bolti ya kwanza haijafunguka. Muuzaji akikuambia "tutahamisha baadaye, wewe anza tu," huyo amekupa jibu.

Na "logbuku imepotea" haimaanishi bei ishuke. Inamaanisha muuzaji aende atafute nyingine, wewe unamngoja.

Siku ya kuchinja

Kwanza, iendeshe. Najua una haraka, lakini wiki moja ya kuendesha itakuonyesha kama gia inaruka, kama injini inachemka pale mlima wa Changamwe, kama inakunywa oili. Kitu kikiwa kibovu ndani ya gari ni rahisi kujua. Kikiwa kwa sakafu ni chuma tu.

Halafu tafuta mahali. Si barabarani, kanjo watakuja na bredauni. Si plot yenye landilodi ambaye hujaongea naye. Magurudumu yatoke mwisho kabisa, kwa sababu gari isiyo na magurudumu haisukumiki, na hakuna kitu kinachosha mtaa kama ganda la gari lililokaa miezi minne likifuga paka.

Toa mafuta ya tangi kwenye mtungi, ukiwa nje, bila sigara, bila mtu anayechoma chuma karibu. Kwa injini za kompyuta, ng'oa fyuzi ya pampu ya mafuta ukiacha injini ikinguruma mpaka izime yenyewe. Hapo presha ya bomba imeisha na petroli haitakurukia usoni. Oili na maji ya rejeta weka kwa mitungi, usimwage kwa mtaro. Huo mtaro unaishia baharini, na samaki wa hapo ndio unakula.

Kisha betri. Toa waya wa hasi, ngoja angalau dakika kumi kabla ya kugusa usukani ama dashibodi. Ile mifuko ya hewa ni baruti, usinichukulie poa. Umeme kidogo ukiwa bado umebaki ndani na uso wako uko hapo, inalipuka kwa mtu ambaye hajagonga kitu. Ukiutoa, uweke ukiangalia juu, mbali na watoto, na usiuze kwa mtu asiyejua.

Bolti za chini, hasa za suspensheni, zipulizie mafuta ya kulegeza siku mbili kabla. Kwa hewa yetu hii zimeshikana na bushi kama ndoa ya zamani. Ukilazimisha na bomba refu siku ya kwanza, kichwa cha bolti kinakatika na kazi ya dakika tano inakuwa ya siku nzima. Moto wa gesi husaidia, lakini si karibu na tangi wala bomba za breki.

Sasa waya. Hapa ndipo gari nyingi za kujiundia hufa. Usikate. Rudia na mimi: usikate. Anza ndani ya gari, toa viti, kapeti, dashibodi, ufuate waya kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukitenganisha kila plagi. Kabla ya kutenganisha, piga picha. Baada ya kutenganisha, funga tepu ya karatasi na uandike na kalamu: "taa kushoto", "pampu", "sensa ya giaboksi". Simu yako ina nafasi ya video za mapenzi, itakosa nafasi ya picha mia tatu za waya? Utazihitaji miezi sita baadaye, ukiwa umesahau hata gari ilikuwa rangi gani.

Toa waya wote kama nyoka mmoja, na kompyuta ya injini ikiwa imeshikana nao. Kama ufunguo una chipu, basi ufunguo, ile silinda ya kuwashia na kompyuta ni familia moja, usizitenganishe hata siku moja. Kama pedali ya mafuta haina kebo bali ina waya, toa hiyo pedali pia, kwa sababu bila hiyo injini haitapanda. Mita ya spidi chukua. Kuna wasee wamenunua injini safi ya ex-Japan wakakaa nayo mwaka mzima juu ya tairi kwa sababu ilikuja na waya zimekatwa inchi sita kutoka kwa plagi.

Injini na giaboksi vitoke pamoja. Uzito wake ni kama watu wawili wazima. Kodi cheni bloku na stendi ya chuma kwa siku moja. Najua kuna mwembe kwa uwanja na umeona mzee mmoja akiinulia injini hapo tangu 1998. Tawi la mwembe halitoi onyo. Na chini ya gari weka stendi za chuma, si mawe, si vipande vya matofali, si jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, haishikilii. Matofali yetu ya mchanga hupasuka bila sauti, na gari haikupi nafasi ya pili. Usifanye peke yako.

Kila bolti irudishe kwa shimo lake baada ya kutoa kitu, ama uiweke kwa mfuko wa plastiki na jina. Bolti za gari ni urefu tofauti na ugumu tofauti. Ile ya kushika breki ukiweka ya duka la hardware, itashika mpaka siku itakayokataa.

Vingine usivirudishe kwa gari mpya hata kama vinaonekana fiti: bomba za mpira za breki, bushi, mkanda wa kiti wa gari iliyogongwa. Huo mkanda ushafanya kazi yake mara moja, nyuzi zimevutika. Nunua mpya. Ni pesa kidogo ukilinganisha na kile unachoendesha, kitu kisicho na paa.

Ganda

Ukimaliza unabaki na ganda. Kama ulichinja gari ya reli ukajenga juu ya chesisi yake, ganda ni bodi tu, halina jina, uza. Kama ni Probox, ganda ndilo lenye jina, na hapo uwe makini na unayemwachia.

Biashara ya vyuma kukuu Kenya ina sheria yake tangu 2015, na anayenunua anafaa awe na leseni. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo yote baada ya vyuma vya mitambo ya umeme kuibiwa, ikaifungua Mei na masharti makali zaidi. Kwa hivyo usimpe yule wa mkokoteni anayepita asubuhi akipiga kengele. Uza kwa mwenye leseni, chukua risiti yenye namba ya chesisi, tarehe na kilo. Piga picha ya ganda likiwa kwa mizani.

Namba pleti usimwachie mtu, hata ukiambiwa ni za kupamba ukuta wa baa. Pleti ya gari iliyochinjwa ni dhahabu kwa mwizi, kwa sababu rekodi bado inasema gari ipo na mwenyewe ni wewe. Zing'oe mwenyewe siku ya kwanza, zifungie nyumbani, na ukimaliza uende nazo NTSA pamoja na logbuku uwaambie hii gari haipo tena. Wakikupa karatasi ya kupokea, iweke mahali pamoja na ile risiti ya vyuma, kwa faili moja, ndani ya nyumba, si kwa buti ya gari mpya.